Tanki la maji ya bahari Mbeya: baridi, hewa nyepesi na chumvi

Maelekezo mengi ya kufuga samaki wa baharini yameandikwa kwa mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari, tena mahali pa joto. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu, na kati ya Juni na Agosti chumba kisicho na moto hushuka usiku hadi nyuzi 14 hivi. Mambo hayo mawili, mwinuko na baridi, ndiyo yaliyoamua karibu kila nilichonunua: ukubwa wa pampu, idadi ya samaki, hata namna ya kufunga mifuko ya samaki kutoka Dar es Salaam. Ninayoandika hapa ni kwa anayeanza. Aliye Iringa, Njombe au Makete atarekebisha kidogo tu, na wa Makete aongeze hita.

Tanki ni la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kioo cha milimita 10, kazi ya fundi vioo. Kwa vipimo vya nje ni lita 180 na kidogo, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji yanabaki lita 150, na hiyo 150 ndiyo ya kufanyia hesabu zote za chumvi. Chini ya lita 100 simshauri anayeanza, kwani maji machache hubadilika haraka kuliko mtu anavyoweza kuyafuatilia. Fundi aliyezoea madirisha ya aluminiamu aambiwe wazi kwamba silikoni iwe ile inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na kingo za kioo zisagwe. Silikoni hii hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo katika kiangazi chetu cha baridi na upepo mkavu wiki moja inaweza isitoshe. Nilikubali wiki mbili. Kisha jaza maji ya kawaida, acha siku mbili, ukague viungo kwa karatasi kavu.

Tanki lililojaa lina uzito wa kilo 250 hivi. Mbao za paini za 2x4 kutoka Mafinga zinalibeba bila shida zikiwa zimekauka sawasawa. Mbichi hupinda, na kioo hakivumilii kupinda. Tumia skrubu zisizoshika kutu na weka shiti ya stairofomu ya sentimita 2 chini ya kioo.

Sasa maji. Klorini ya bomba huondoka kwa mkaa wa chujio, lakini fosfeti, nitrati na shaba haziondoki hivyo, kwa hiyo natumia mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha kwenye utando unaozuia vilivyoyeyuka ndani yake. Hapa baridi inaingia tena: uwezo ulioandikwa kwenye mashine ni wa maji ya nyuzi 25, na kila nyuzi inayopungua huondoa karibu asilimia 3 ya maji yanayotoka. Presha nayo ni tatizo. Simtanki juu ya mnara wa mita 4 linatoa baa 0.4 tu, na RO inataka baa 3 hadi 4, kwa hiyo pampu ya kuongeza presha si anasa. Asiye na mashine anaweza kununua maji ya RO kwenye maduka ya kujaza madumu, ila aende na kalamu ya kupimia TDS, yaani madini na chumvi zilizoyeyuka majini: isome chini ya 10. Maduka mengine hurudisha madini ili maji yawe na ladha, na hayo hayafai. Maji ya betri yaliyo safi kabisa yangefaa, lakini mengine yanayouzwa kwa jina hilohilo yana asidi. Nimeyaacha.

Chumvi ndipo wengi wanapotaka kuokoa fedha, na haiokoleki. Hoja ninayoisikia sana ni kwamba chumvi ya mawe ya pwani imetoka baharini, basi ukiirudisha majini unapata bahari. Sivyo. Maji ya bahari yakikaushwa juani, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha chumvi ya kula, na magnesi na potasiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachobaki nacho ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Nunua chumvi maalumu ya akwariamu, uhesabu gramu 37 kwa lita, maana chumvi yenyewe hubeba unyevu: lita 150 zinakula kilo 5.5. Maji yaingie kwanza kwenye pipa, yapashwe hadi nyuzi 25, pampu izunguke, ndipo chumvi imwagwe kidogo kidogo. Ukianza na chumvi ukaimwagia maji, kalsiamu inaganda na maji yanakuwa meupe kama tui. Acha izunguke siku nzima.

Kipimo cha chumvi kiwe rifraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, nayo irekebishwe kwa maji maalumu yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo. Kijiti cha kioo kinachoelea (haidromita) kimepimiwa nyuzi 25. Ukikitumbukiza kwenye ndoo ya nyuzi 15 kitasoma juu kwa 0.0025 hivi, utadhani chumvi imezidi, uongeze maji, na tanki lipungukiwe gramu 3 kwa kila lita. Nalenga 1.025 hadi 1.026, yaani uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matupu.

Kuhusu hewa. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni yana miligramu 6.7 kwa lita yakiwa pwani. Mbeya, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni pungufu, yanashika 5.5 tu, na hakuna pampu itakayovusha kiwango hicho. Kinachowezekana ni kuhakikisha maji hayashuki chini yake. Nimeweka pampu mbili za mkondo, kila moja lita 1,500 kwa saa, moja ikielekezwa juu kidogo ili uso wa maji uchemkechemke muda wote. Skima ya kutoa povu inasaidia kusafisha, na faida yake ya pili ni hewa inayoiingiza. Joto nimelishikilia nyuzi 25 badala ya 27 inayopendekezwa na wengi, kwa sababu maji yakizidi joto hushika oksijeni pungufu. Samaki wa miamba wanaishi vizuri kwenye 25.

Kulifikisha tanki huko na chumba ni nyuzi 14 kunataka hita. Nina mbili za wati 200. Mbili ni bora kuliko moja ya 400, kwani thamostati ikinasa upande wa kuwaka, hita moja ndogo haipiki samaki kabla hujagundua, na ikinasa upande wa kuzima, ya pili inashikilia. Pande na mgongo wa tanki nimeziba kwa stairofomu. Juu kuna kioo, ila nimeacha upenyo wa sentimita 2, maana mfuniko unaoziba kabisa unaokoa joto na kuua hewa. Kwa hesabu ya kioo hiki, usiku wa Julai unapoteza karibu wati 100, yaani uniti 2 hadi 3 za Luku kwa siku kwa joto peke yake. Nyaya zote zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya, na kuwe na swichi ya kukata umeme unapovuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno.

Umeme ukikatika, watu hukimbilia blanketi. Blanketi lisubiri. Tanki hili hupoteza kati ya nusu nyuzi na nyuzi moja kwa saa, kwa hiyo samaki wana muda wa kuvumilia baridi. Hewa ndiyo inayowaishia kwanza. Pampu ya hewa ya betri iwashwe mara moja, kisha ndipo ufunike pande, ukiacha juu wazi. Chupa ya lita moja na nusu ya maji ya moto ikielea ndani hupandisha kama nusu nyuzi.

Mawe na mchanga nitavipita haraka. Matumbawe magumu yote yamo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam ni hifadhi za bahari, kwa hiyo hakuna cha kuokota huko. Nina kilo 18 za mawe makavu ya chokaa yenye matundu. Dondoshea siki: likitoa povu ni chokaa. Lenye mistari ya kutu au inayong'aa kama chuma liache. Mawe yakae juu ya kioo kwanza, mchanga ufuate, la sivyo mnyama anayechimba atayaangusha. Mchanga wa ziwa kutoka Kyela hauui kitu, lakini haufanani na wa bahari. Mimi nimetumia wa chokaa, sentimita 2. Kwenye chujio kuna mawe mepesi ya volkano ya Rungwe, yaliyolowekwa hadi yakaacha kuelea, bakteria wanayapenda.

Bakteria hao ndio wanaokula amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki. Bila wao, samaki asiingie, na ili wakue lazima uwalishe amonia kwanza. Kloridi ya amonia kutoka duka la kemikali za maabara, gramu 1 kwa lita 150, hupandisha amonia kufika miligramu 2 kwa lita. Mbolea za shambani zisiguswe. DAP itakupa fosfeti na mwani wa kijani hadi uchoke. Katika hatua hii joto napandisha hadi 28, kwa sababu bakteria wa kuanzia ni wavivu kwenye baridi. Amonia hushuka, nitriti hupanda, kisha nayo hushuka na nitrati kubaki. Hesabu wiki 4 hadi 6. Dozi mpya ya gramu 1 ikimalizika ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote sifuri, badilisha nusu ya maji na urudishe joto 25. Utelezi wa kahawia kwenye mchanga utakuja na kuondoka wenyewe.

Samaki wa kuanzia ni klauni wawili wadogo. Bahari yetu ina Amphiprion akallopisos mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi mwenye mikanda. Nunua kwa mwenye leseni, umwombe asiwalishe siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji, sehemu inayobaki iwe oksijeni, lakini usikazwe kama unavyokazwa kwa safari za mjini: gari likifika Mafinga, karibu mita 1,900, hewa ndani imepanuka kwa karibu robo, na mfuko uliokazwa Ubungo unapasuka. Boksi la stairofomu ni lazima, maana Makambako usiku haina huruma.

Wakifika, usianze kuwadondoshea maji ya tanki tone kwa tone kwa saa nzima ili wazoee. Njiani hewa ya ukaa imeshusha pH ya mfuko, na amonia imekaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua, pH inapanda na sumu inaamka. Muulize muuzaji chumvi ya maji yake mapema, uandae ndoo inayolingana, uache mfuko uliofungwa uelee humo dakika 20 ili joto lilingane, kisha samaki ahamishwe kwa kikombe, maji ya mfuko yamwagwe.

Baada ya hapo ni kazi ndogo za kila siku. Maji yanayopungua ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza maji ya RO hadi kwenye alama ya utepe. Miezi ya upepo ni lita 1 hadi 2 kwa siku. Kila wiki nabadilisha lita 15 za maji ya chumvi, yaliyopashwa kwanza. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, ikishuka chini ya dKH 8, kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda, gramu 5, huipandisha zaidi kidogo ya 1 katika lita 150. Usitumie magadi wala unga wa kuumulia wenye wanga.

pH ikishuka usiku wa baridi bila sababu, angalia jiko la mkaa kabla ya kulaumu chumvi: madirisha yaliyofungwa hujaza chumba hewa ya ukaa, nayo huingia majini (na jiko hilo ni hatari kwako pia). Dawa ya mbu ya kupuliza, hata iliyotokana na pareto ya huku kwetu, ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa huivuta moja kwa moja. Zima pampu ya hewa na skima, funika, puliza chumba kingine.

Kwa lita 150 hapa Mbeya naishia samaki wadogo wanne. Pwani ningeweka sita.