Ventoux kwa mlango wa nyuma

Mwezi wa saba, Sault, mji mdogo kusini mwa Ufaransa, yote ni zambarau. Maua ya lavenda yamefika hadi ukingoni mwa lami, na nyuki wanavuma hata husikii mnyororo wa baiskeli yako. Wengi hupanda mlima Mont Ventoux kutokea kijiji cha Bédoin, kilomita 21 za kukamuliwa. Mimi na goti langu tulichagua huku Sault: kilomita 26, lakini mwinuko mpole.

Raha iliisha kwenye mkahawa wa Chalet Reynard, njia hizo mbili zinapokutana. Kutoka hapo kilomita 6 za mwisho ni mawe meupe matupu, na upepo unakusukuma ubavuni kama kondakta wa daladala. Karibu na kilele nikasimama kwenye mnara wa kumbukumbu wa Tom Simpson, mwendesha baiskeli aliyefia mlimani hapa 1967 katika mbio za Tour de France. Waendesha baiskeli huacha chupa zao pale. Yangu ilibaki na mafunda mawili. Samahani mzee, nikaondoka nayo.