Nilivyowakalisha ndugu wa Muheza, Dubai na Toronto kikao kimoja, baada ya injini yenye akili kunidanganya

Naandika hii nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha kwa sababu bati zimeshapigwa. Hasira kwa sababu nilipoteza karibu miezi miwili nikifuata ushauri wa watu wanaojifanya wanajua mtandao, na mmoja wao hata sio mtu.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Mama yupo Muheza kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba, mimi nipo Dar, dada yangu mkubwa yupo Toronto miaka mingi, na kaka yetu alienda Dubai kutafuta maisha. Paa la nyumba lilikuwa linavuja. Mimi nasema linavuja, mama anasema linavuja, kaka anasema tunatia chumvi, mwaka juzi alilala pale hakuona hata tone. Mwaka juzi alikuja kiangazi bhana. Ikabidi tukae kikao tuelewane nani anatoa nini.

Zamani na dada tulikuwa tunatumia Skype, enzi zile za kwenda internet kafee unavaa hedifoni yenye nta ya masikio ya watu. Tukaizoea hata simu zilipokuja. Sasa Skype wenyewe waliifunga tarehe 5 Mei 2025, wakatuambia tuhamie Teams, apu yao nyingine ya vikao, dada akasema yeye Teams ni ya kazini, akiisikia inalia tumbo linamkata. Basi tukabaki WhatsApp kama watu wote.

Ila WhatsApp na Dubai wanaojua wanajua. Meseji zinaenda, picha zinaenda, voisi zinaenda. Ukipiga simu unaona tu inaungaungaa haiungi, maana kule Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezibwa. Kwa hiyo kikao chetu cha kwanza kilikuwa cha voisi, na sitaki hata adui yangu apitie. Kaka anatuma voisi ya dakika saba. Mama anasikiliza dakika ya kwanza, anajibu. Dada anaamka kwake asubuhi anakuta voisi kumi na nne, anajibu ya tatu, wakati sisi tushagombana na kupatana kwenye ya kumi na mbili. Ikafika mahali mama anamwombea dua mtu ambaye ameshapona.

Nikaenda kwa kijana mmoja fundi simu, huyo ndo mshauri wa kwanza. Akaniambia mwambie bro wako aweke VPN ya bure, ile apu ya kuificha simu ionekane ipo nchi nyingine, kesi imekwisha. Amesema kwa ule ujasiri wa mtu ambaye faini haitamfikia yeye. Kaka akakataa, akasema hapa ninapolala tupo sita na wote wameniambia nisijaribu. Mimi nikamwona muoga. Nilimsema vibaya kidogo, Mungu anisamehe, maana baadae nilikuja kusoma kwamba sheria yao ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inataja faini kuanzia dirhamu 500,000 mpaka 2,000,000 kwa anayetumia ujanja wa kuficha anuani yake ya intaneti ili afanye kosa. Piga hesabu mwenyewe kwa pesa yetu. Hiyo sio bati, ni mtaa mzima na msikiti juu.

Mshauri wa pili ni mfanyakazi mwenzangu, akasema siku hizi hakuna kusachi kizamani, kuna injini mpya za akili mnemba, unauliza kama unaongea na mtu na inakujibu. Nikaifungua moja, siitaji jina. Nikaiuliza kwa Kiingereza changu cha kuombea kazi: ndugu yangu yuko Dubai, mama yupo Tanzania, dada Kanada, tutumie nini kuongea kwa video wote pamoja bure? Jamani ilivyojibu! Imepanga vizuri, ina namba, ina vinukta, inanipa pole kwa kuwa mbali na familia. Halafu chaguo la kwanza kabisa ikasema: Skype.

Nikasema hapana, labda nimesoma vibaya. Skype. Inaeleza na namna ya kufungua akaunti. Kitu kilichokufa inanielekeza kwenda kukisalimia. Tena hata kabla haijafa, kule Dubai ilikuwa imezibwa tangu mwanzoni mwa 2018 huko, kwa hiyo imekosea mara mbili kwa sentensi moja, na adabu zake zote. Nikaiambia mbona Skype imefungwa? Ikaniomba msamaha, ikasema niko sahihi kabisa, ikanipa WhatsApp.

Sasa hapa ndo nijisifu kidogo. Mtu mwingine angeacha. Mimi nikagundua kwamba pembeni ya kila jibu kuna vinamba vidogo, ukikibonyeza kimoja kinakupeleka alikotoa maneno. Nikabonyeza. Ukurasa wenyewe ni wa mwaka 2016! Yaani ile akili yote ilikuwa imesimama juu ya karatasi ya miaka tisa nyuma, kama mtu anakuelekeza stendi ya Ubungo ukapande basi la mkoani wakati wenzako wako Magufuli Mbezi. Tangu siku hiyo sisomi jibu kabla sijabonyeza kinamba na kutazama tarehe.

Basi nikarudi kwenye kusachi kizamani, ila kwa ujanja. Kwanza niliweka DuckDuckGo kwenye simu, ile injini ya kusachi ya bata isiyokufuatilia, sio kwa sababu najificha, ni kwa sababu kule kwingine nilivyoandika neno Dubai mara moja tu wiki nzima nikawa naletewa matangazo ya tiketi za ndege na viwanja. Ipo tangu 2008 kumbe, mimi ndo naiona mpya. Ina kitu kitamu: ukiandika alama ya mshangao na herufi za tovuti, mfano !w halafu neno lako, inakurusha moja kwa moja Wikipedia, ukiandika !yt inakurusha YouTube. Nilikaa jioni nzima najirusharusha tu kama mtoto kwenye bembea, bando likaisha sijasachi hata hilo paa. Ubaya wake, ukiuliza kwa Kiswahili majibu ni machache.

Kilichonitoa ni vitu viwili. Kimoja ni kubana tarehe. Kwenye DuckDuckGo unagusa pale juu unachagua mwaka uliopita tu. Kwenye Google unaandika after:2024 mwishoni mwa maneno yako, yale mazee yote yanapukutika. Kingine ni site:gov.ae, yaani nataka tovuti za serikali ya kule tu, sio za wauza VPN, maana wauza VPN wamejaa na kila mmoja anakuambia hakuna njia nyingine isipokuwa yake. Usiweke nafasi baada ya nukta mbili hizo, mimi nilikuwa naweka nikawa nashangaa mbona haibani.

Hapo ndo nikakuta kumbe mamlaka yao ya mawasiliano ina orodha ya apu zilizoruhusiwa kupiga simu za intaneti. Halali kabisa! Zoom imo, Teams imo, Google Meet imo, Botim imo. Nilimpigia kaka simu ya kawaida ya kulipia, salio likaondoka kama maji, ili tu nimwambie. Akasema aah, Botim mbona ninayo siku nyingi, tunapigia wake zetu. Nikanyamaza. Kaka na akili zake, miezi miwili natafuta njia ya kumpata na njia anayo mfukoni.

Botim mimi na yeye tulijaribu ikakubali vizuri. Dada ndo akagoma, hataki kuweka namba yake kwenye apu nyingine. Nikasema basi Zoom, kila mtu anaijua.

Hiyo Zoom sasa. Simu ya mama memori imejaa, imejaa nini, video za maua zinazosema asubuhi njema. Mjukuu anayekaa nae ana miaka sita, anajua kufungua katuni tu. Ikabidi nitume elfu mbili kwa kijana wa jirani aende kufuta maua na kuweka Zoom. Mama alikubali kufuta yote isipokuwa moja ya shoga yake aliyefariki, nayo ndo kubwa kuliko zote. Ikapatikana nafasi hivyohivyo. Nikatangaza kwenye grupu: Jumamosi saa 2 usiku, msichelewe.

Toronto hawakutokea. Tukaanza bila wao. Zoom ya bure ni dakika 40 tu kwa kikao, mimi nilijua ila nikasema zitatosha, kumbe robo saa nzima ni ya mnanisikia, nakusikia mama, wewe hunisikii, bonyeza kile kispika. Halafu salamu. Halafu habari za jirani aliyeuza machungwa yangali mabichi. Tumekuja kufika kwenye bati zimebaki dakika tatu, kaka akakohoa, akasema sasa mimi kwa upande wangu naweza kutoa... pap, imekata. Na mpaka leo anaapa alikuwa anataja pesa nzuri, mtandao ndo umemponza.

Kesho yake Jumapili saa 3 asubuhi nakunywa chai, napokea simu ya binti wa dada. Ana sauti ya usingizi. Anko mko wapi, nipo kwenye linki peke yangu. Kumbe dada alimwachia yeye kazi ya kuweka alamu, na mtoto kazaliwa kule, ameona saa 2 usiku kaweka saa nane za usiku! Kaamka katikati ya usiku wa manane na blanketi mabegani, kamwamsha na mama yake, wamekaa wawili wanatazama sura zao. Saa zetu za Kiswahili hizi, ukiwa na watu wa nje andika kabisa jua lipo au halipo. Siku hizi mimi naweka kwenye kalenda ya Google, inambadilishia kila mtu saa yake yenyewe, sijihangaishi.

Google Meet niliiona kwa bahati. Nilikuwa natafuta kitu kingine kwenye simu yangu, nikakuta ipo kwenye lile folda la vitu vya Google ambalo hakuna mtu analifungua. Nikakumbuka imo kwenye ile orodha. Nikasachi, kumbe ni ile Duo iliyokuwa inakuja na simu nyingi za Android, 2022 wakaibadilisha jina. Nikampigia mama: mama hebu angalia kwenye kifolda cha mwisho. Akasema kuna kamera kadogo ka rangirangi. Ilikuwepo muda wote! Elfu mbili yangu na maua ya watu vimeenda bure.

Ile ya bure inakupa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, na zikibaki kama tano inawaambia. Unatengeneza linki, unaitupa kwenye grupu la WhatsApp, mama anagusa maandishi ya bluu, yumo. Dada kaingilia kwenye laptopu bila kuinstoli kitu, ndo maana hakugoma. Nikaweka Jumapili, saa 9 alasiri jua likiwepo kwetu, Dubai saa 10, Toronto asubuhi. Kule Dubai siku hizi Jumapili ni mapumziko kwa wengi kwa hiyo kaka hana sababu.

Kaka akaanza mapema, maana safari hii kajipanga. Akasema tusikurupuke, paa lile ni bati za enzi, zile nzito, labda misumari tu imelegea, akipata likizo atakuja aangalie mwenyewe. Dada anaanza kuyumba. Mimi nina picha nilizopiga, ila picha zangu anasema nimezipigia pembeni zionekane mbaya. Mama alikuwa amechoka kushika simu. Bila kusema akailaza kitandani, kioo juu, akaenda kumfukuza kuku.

Kwenye kile kiboksi chake sote tukabaki tunatazama paa. Chumba chenyewe hakina dari, unaona kenchi moja kwa moja na bati. Na jua la saa 9 lilikuwa upande ule. Vitobo vilikuwa vinawaka kama nyota, sijui thelathini, sijui arobaini, na kimoja kikubwa kabisa karibu na mbao unaona na tawi la mwembe linapita. Chini yake, pembeni ya kioo, mdomo wa ndoo. Hakuna aliyesema neno. Tukasikia tu kuku, na mama kwa mbali anasema toka, toka shetani wewe.

Dada ndo wa kwanza. Akasema, wewe wa Dubai, hizo ndo misumari?

Kaka akazima kamera. Baadae kidogo akawasha, macho mekundu, akauliza bati za geji 28 siku hizi ni shilingi ngapi. Nikamtajia kwa kukadiria, nikaongeza kidogo ya usafiri kutoka Tanga. Dada akasema mbao na fundi juu yake. Mama akarudi akachukua simu, uso umejaa kioo kizima, anauliza mbona mmenyamaza, imekata?

Video ya watu wote ilikula bando vibaya, kama giga nzima hivi, kwa hiyo mkiwa wengi zimeni kamera anayeongea ndo awashe. Mama peke yake ndo tunamwacha.

Paa la nyumba kubwa limekwisha kabla ya vuli. Juzi mama kanitumia voisi, fupi safari hii, anauliza ile Jumapili ya kuonana ni lini tena. Nikamjibu mwisho wa mwezi mama, vipi, umetukumbuka? Akasema nimewakumbuka ndio, ila safari hii simu nitailaza jikoni.