Siku moja maishani mwangu: nguruwe weusi wa Mbeya, kutoka machinjioni hadi maabara

Saa 10:30 alfajiri

Mwezi wa saba Mbeya baridi haibishi hodi. Nimevaa sweta mbili na koti, na bado upepo unaoshuka kutoka mlima Loleza unanipata. Kazi ya kwanza kabla hata ya chai ni mtungi wa naitrojeni. Nachovya rula ya mbao mpaka chini, nasubiri kidogo, naitoa na kuipunga hewani. Sehemu iliyozama inaota ukungu mweupe, na hapo ndipo ninaposoma kimo. Leo kimo kinatosha. Mtungi kama huu wataalamu wa uhimilishaji huubebea mbegu za madume ya ng'ombe. Mimi naubebea vipande vya msuli wa nguruwe. Ndani yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri.

Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya wanyama. Swali langu ni hili: nguruwe wetu mweusi wa kienyeji na chotara mweupe, wakila kihori kimoja, kwa nini nyama zao hazifanani? Jeni zipi zinafanya kazi kwa nguvu katika msuli wa mmoja, na zipi zimetulia katika msuli wa mwingine?

Saa 11:20

Dereva wa bajaji ameshanizoea. "Dada, na mtungi wako wa moshi?" Namwambia twende, ila aache pembeni wazi, baridi tuivumilie. Naitrojeni ikivukiza hufukuza hewa tunayovuta, na chombo kilichofungwa vioo kinaweza kutudhuru bila sisi kusikia harufu yoyote. Kwa kazi hii bajaji ni salama kuliko teksi.

Saa 12 na dakika chache

Nguruwe walifika tangu jana jioni. Wamelala, wamepewa maji bila chakula. Mama aliyewafuga kaja mwenyewe, kajifunga kitenge juu ya koti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hawa wako, nimekuletea wazima."

Mama huyu ndiye nguzo ya utafiti wote. Tangu walipoachishwa kunyonya, weusi na weupe wamekaa kwake katika banda moja, wakila pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, chokaa na chumvi. Ingekuwa rahisi zaidi kununua mweusi anayezurura kijijini na mweupe wa kufungiwa, nikawachinja na kulinganisha. Lakini hapo ningekuwa nalinganisha nini? Anayezurura anatembea kutwa, analala na njaa, ana minyoo. Msuli wake unaonyesha maisha yake pamoja na ukoo wake, na mashine haiwezi kunitenganishia hayo mawili. Naona tafiti nyingi za mifugo ya kienyeji zinakwama hapa: mnyama analaumiwa kwa ukoo wake, kumbe tatizo ni shibe.

Hata banda moja halimalizi ubishi. Mweusi anakua polepole. Nikiwachinja wakiwa na umri mmoja, mweupe ni mzito zaidi. Nikisubiri wafikie uzito mmoja, mweusi atakuwa mzee zaidi, na umri wenyewe hubadilisha msuli na mafuta. Nilichagua umri, na uzito nauandika ili uingie kwenye hesabu. Ningechagua uzito, lingekuwa swali jingine, nalo ni halali.

"Mwanangu," mama ananiuliza tukiwa tunasubiri, "huyu mweusi mbona anakula sawa na mwenzake lakini hapandi? Na mbona nyama yake ndiyo tamu?" Namwambia, mama, hilo ndilo ninalolisomea.

Saa 1 asubuhi

Hapa ndipo siku inapoamuliwa. Damu ikishatoka naanza kuhesabu dakika. DNA, maandishi ya urithi yaliyomo kwenye seli, ni ngumu, hata kwenye mifupa ya kale hupatikana. RNA, ambayo ndiyo inayoonyesha jeni ipi inafanya kazi saa hii, ni dhaifu. Seli zenyewe zina vimeng'enya vya kuikatakata, na vimo pia kwenye jasho, mate na ngozi ya mikono yangu. Vimeng'enya hivyo havifi hata ukivichemsha. Kwa hiyo ni glavu mpya kwa kila mnyama, kisu kipya cha upasuaji, na mdomo umefunikwa.

Sampuli naichukua mahali palepale kwa kila mnyama: msuli mrefu wa mgongoni, upande wa kulia, usawa wa ubavu wa mwisho. Mchinjaji anauita sarara. Ni fundi kweli. Ananipasulia pale pale bila kuniuliza, kwa sababu nilimweleza kwamba sentimeta chache mbele au nyuma zinaweza kuwa na mchanganyiko mwingine wa nyuzi za msuli. Nakata vipande vya nusu sentimeta, natoa mafuta ya nje, natia kwenye vichupa vilivyoandikwa kabla, na vichupa vinazama kwenye naitrojeni. Vipande vingine naviweka kwenye dawa ya kuhifadhia RNA, kwa tahadhari. Dakika kumi zisipite.

Mkaguzi wa nyama anafuata. Anapasua misuli ya taya, ulimi, moyo, anatafuta vifuko vya tegu. Nyanda za Juu Kusini tegu wa nguruwe ni tatizo la miaka mingi, na ubaya wake hauishii kwenye nyama: mtu akimeza mayai ya tegu, vifuko vinaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Leo wote wamepita na wamegongwa muhuri. Angepatikana mmoja mwenye vifuko, nyama isingeliwa, na mimi ningemtoa kwenye utafiti, kwa kuwa msuli unaopambana na vimelea huwasha jeni za kinga ambazo hazihusiani na ukoo wake.

Dakika 45 baada ya kuchinja napima pH, kipimo cha uchachu wa nyama. Msuli wa mnyama hai uko karibu na 7, na kesho yake unatakiwa kutua kati ya 5.5 na 5.8 hivi. Ukishuka chini ya 6 mapema hivi, nyama ikiwa bado ya moto, protini zinaharibika, nyama inapauka na kuvuja maji. Mwaka 1991 chanzo kimoja cha balaa hilo kilijulikana: herufi moja ya DNA iliyobadilika kwenye jeni ya RYR1, inayosimamia mlango wa kalsiamu ndani ya seli za msuli. Nguruwe wa Piétrain wa Ubelgiji walikuwa nayo kwa wingi, kwa sababu wenye nayo walikuwa na minofu minene iliyopendwa. Walichaguliwa kwa minofu, wakaja na nyama mbovu na wanyama wanaokufa kwa hofu ya safari tu.

Mama anataka nikaone watoto wapya bandani. Namkatalia kwa heshima. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, virusi vyake hukaa kwenye damu na nyama kwa muda mrefu, na mimi natoka machinjioni na mabuti haya. Nimeyaosha na kuyatia dawa, lakini bandani kwake leo siendi. "Sawa mwanangu, hata mimi nitabadilisha nguo kabla ya kuwalisha." Ningependa kila mfugaji awe hivyo.

Saa 3

Supu, chapati moja, na safari ya Uyole.

Saa 4:15

Maabara. Nasaga msuli kwenye kinu huku nikimimina naitrojeni, usiyeyuke hata kidogo. Msuli ni mgumu kuutoa RNA kwa sababu umejaa protini za kukaza na kulegeza. Unga unaingia kwenye kimiminika chenye fenoli, kisha klorofomu, kisha mashine ya kuzungusha. Vinatoka tabaka tatu: chini la waridi, katikati jeupe jembamba, juu maji safi. Nachota ya juu tu, na mkono hautakiwi kutetemeka.

Umeme unakatika sampuli za mwisho zikiwa bado kwenye kimiminika. Hofu haipo, kwa kuwa humo ndani vimeng'enya vimeshalemazwa na RNA iko salama. Naweka kwenye barafu, nasubiri jenereta.

Saa 7 mchana

Wali na maharage, na mwanafunzi wa mazoezi ananiuliza: "Dada, kama DNA ya nguruwe iko sawa kwenye kila seli, unatafuta nini kwenye msuli?"

Nampa mfano wa IGF2, jeni inayochochea ukuaji. Mwaka 2003 watafiti wa Sweden na Ubelgiji walionyesha kwamba herufi moja, G iliyogeuka A, katika sehemu ya jeni hiyo ambayo hata haitengenezi protini, huifanya jeni ifanye kazi mara tatu zaidi katika msuli wa nguruwe baada ya kuzaliwa. Nyama inaongezeka, mafuta ya mgongoni yanapungua. Protini ni ileile; kilichobadilika ni kiasi. Mwaka 2009 ikajulikana sababu yake: protini ya ZBED6, ambayo kazi yake ni kuibana jeni, haikamati tena pale penye A.

Kisha namwambia kinachotugusa sisi wa Mbeya. Nakala ya IGF2 inayofanya kazi kwenye msuli ni ile iliyotoka kwa baba. Huku kwetu dume ndiye mweupe na jike ndiye mweusi, karibu kila mara. Dume akiwa na A kwenye nakala zake zote mbili, watoto wote wanaonyesha A, na nakala ya mama mweusi imenyamaza. Kwa hiyo mtu anayesema "chotara ni nusu kwa nusu" hayuko sahihi kwa jeni hii.

Saa 8:30

Kazi ya praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoiambia mashine ya PCR, ile inayonakili DNA ili ipimike, isome jeni ipi. Hapa nina wasiwasi ambao nataka wenzangu wauchukulie kwa uzito. Jenomu ya nguruwe, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa mara ya kwanza 2012 na ambayo sote tunaitegemea, ilisomwa hasa kutoka kwa jike mmoja wa Duroc, aina ya nguruwe wa kigeni. Nguruwe wa Afrika Mashariki wana damu ya Ulaya na pia alama za Mashariki ya Mbali. Praima iliyotungwa kwa Duroc ikiangukia herufi ambayo mweusi wetu anayo tofauti, itashika vibaya, na mimi nitaandika kwamba jeni yake ni dhaifu. Itakuwa uongo wenye tarakimu. Kwa hiyo kila praima naijaribu kwa weusi na kwa weupe kivyake, na isiyofikia ufanisi wa kati ya asilimia 90 na 110 kwa wote wawili naitupa.

Jambo jingine ni jeni ya kulinganishia, ile inayodhaniwa haibadiliki na hivyo kuwa kipimo cha nyingine. Wengi hutumia GAPDH kwa mazoea. Lakini GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, na nyuzi za msuli za haraka huvunja sukari kuliko za polepole. Kama weusi na weupe wanatofautiana kwa aina ya nyuzi, GAPDH yenyewe inatofautiana, na kipimo kinakuwa sehemu ya kinachopimwa. Natumia jeni kadhaa, na ni lazima kwanza zionyeshe utulivu kwa makundi yote.

Jeni ninazozisaka ni MYH7 ya nyuzi za polepole, MYH4 ya nyuzi za haraka, na za mafuta: FASN, SCD, FABP4, PPARG. Mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama ndiyo yanayoipa ulaini na ladha. Hispania wana nguruwe wao wa Iberia, mkuaji wa polepole, mwenye mafuta hayo kwa wingi. Hawakumfuta, mapaja yake yaliyokaushwa ni kati ya nyama za bei kubwa duniani. Nikimwangalia mweusi wetu anavyodharauliwa sokoni, naumia.

Saa 10 jioni

RNA ya leo imetoka vizuri. Uwiano wa mwanga wa 260 kwa 280, unaoonyesha usafi wa RNA, uko karibu na 2, na kwenye jeli mistari miwili ya 28S na 18S, RNA kubwa za seli, imesimama wazi, haijachafuka. Vichupa vinaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Saa 1 usiku

Naingiza daftari kwenye kompyuta: umri, uzito, saa ya kuchinjwa, dakika za sampuli, pH, nani alikata. Simu ya mama inaingia.

"Mwanangu, kuna mtu anataka dume jeusi. Anasema la nini bandani, wenzangu wote wana jeupe. Bei yake nzuri."

Namuuliza kama lina ndugu mahali popote kijijini. Anafikiri, anasema hapana, mengine yamehasiwa au yameliwa. Hivi ndivyo ukoo unavyopotea: majike meusi bado yapo mengi, madume ndiyo yanayotangulia kuisha, na bila dume kila uzao mpya ni weupe zaidi.

"Mama, naomba usiuze kwanza."

"Sasa atakula nini, mwanangu? Pumba imepanda."

Ana haki. Tunakubaliana nichangie pumba yake mpaka mwezi wa tisa, naye akubali dume lipande majike mawili meusi ya jirani. Kesho nikitoka kupima pH ya saa 24 nitapita kwa afisa mifugo wa kata, nimuulize kama kuna kaya nyingine mbili tatu zitakazokubali kuzungushiana dume hilo, kwa masharti ya usafi tutakayoyaandika pamoja.