Nilivyoitembea Mombasa kwa saa za wenyeji

Mombasa ukiitembea kwa orodha utaimaliza haraka sana. Fort Jesus, pembe za ndovu pale Moi Avenue, Haller Park, picha kadhaa, basi, unarudi bara unalalamika joto jingi na vitu ghali. Mimi bajeti yangu ilikuwa ya kubana, hoteli za ufuoni sikuziweza hata kwa ndoto, nikachukua chumba Bamburi Mtambo, pwani ya kaskazini, kwa mama mmoja anayekodisha vyumba vya nyuma, na huyo mama ndiye alinipa siri yote ya mji bila kujua anatoa siri. Saa nne asubuhi nimeshavaa kaptura na taulo begani, akaniuliza, "Waenda wapi nawe mwanangu saa hizi, bahari yenyewe haiko?"

Na kweli haikuwepo. Zilikuwa siku za bamvua, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, mchanga na majani ya baharini yamebaki wazi, wazungu wa hoteli wamesimama pembeni wanashangaa walilipia nini. Jioni nikaenda tena, saa kumi, maji yamejaa mpaka yanapiga kuta za hoteli, hata pa kutembea hakuna.

Sasa hapo ndo nilianza kuuliza, na kila mtu pale anaijua hesabu hii kama jina lake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa kama saa nne, na tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya kama wiki mambo yamegeuka, maji yanajaa asubuhi ya saa nne na kupwa jioni, lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Ukishaelewa hivyo huhitaji programu yoyote ya simu, unaangalia mwezi usiku unajua kesho utaoga saa ngapi. Kuoga kwenyewe wanapenda maji yakiwa yanakuja, si yakiwa yanatoka, hilo niliambiwa na kila mtu mpaka watoto.

Na maji yakikupwa pia usilale ndani, ni starehe nyingine kabisa na haina tiketi. Vaa raba za zamani (kuna wale wadudu weusi wa miiba, ukiwakanyaga likizo imeisha) utembee taratibu kwenye vidimbwi, utaona kiti cha pweza chekundu (ile nyota ya bahari), kaa wanaokimbia kwa ubavu, visamaki vya rangi vimenaswa vinangoja maji yarudi. Vijana watakufuata na boti za kioo wakupeleke ndani kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa 1986, ni nzuri kwa kweli, ila bei mnaelewana kabla hujapanda na muulizane kabisa kama ada ya KWS, shirika la wanyamapori, imo ndani au uilipe mwenyewe.

Kuhusu kufika ufuoni, hapa wageni wengi wanaogopa bure. Unaona kuta za hoteli kilomita nzima, unafikiri pwani ni yao. Si yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ya umma. Kuna askari wa hoteli moja alitaka kunirudisha nikipita tu kwenye mchanga, nikamwambia kwa upole, ndugu yangu mimi niko majini mwa serikali, akacheka akaniacha. Vijia vya kuingilia viko katikati ya hoteli, vingine vyembamba kiasi kwamba unavipita bila kuviona, wewe fuata wauza madafu asubuhi utavijua vyote. Au nenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anaita Pirates, ila Jumapili pale ni watu, watu, matairi ya kuelea, ngamia, na watu tena. Mimi napenda Jumanne.

Halafu kuna saa ya pili, ya mjini. Mchana Mji wa Kale umelala. Kuanzia adhuhuri maduka mengi yanateremsha mabati, watu wanaswali, wanakula, wanajilaza, na Ijumaa usihangaike kabisa kutafuta mtu wa kukuuzia kitu mpaka baada ya swala. Watalii wanateremshwa na mabasi saa saba mchana, jua la kuchoma, wanazunguka vichochoroni hakuna mtu, wanasema Mji wa Kale umekufa. Mimi nilikuwa naenda mapema, mahamri na mbaazi za nazi kwanza, Fort Jesus inapofunguliwa tu kukiwa bado na upepo (ukienda na kitambulisho chako unalipa bei ya mwananchi), na ile ngome uipe muda, Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596 lakini mimi kilichonigusa zaidi ni kwamba ilikuwa gereza toka 1895 mpaka 1958, yaani kuna wazee walio hai waliokuwepo ikiwa jela. Kisha soko la Marikiti kwa viungo, Biashara Street kwa leso, na leso msome jina, yale maneno yaliyoandikwa, kabla hamjanunua jamani, kuna mtu nusura ampelekee mama mkwe maneno ya mke mwenza. Saa sita nishapanda matatu narudi Mtambo kulala kama wenzangu.

Jioni ndo mji unaamka. Mama Ngina, pale mlangoni mwa bahari meli zinapoingilia Kilindini, familia zinakuja na mikeka, watoto na baiskeli, na wauza mihogo wamejipanga. Muhogo anaukaanga vipande virefu, akiuepua anaupasua katikati bado unatoa moshi, anapaka ndimu aliyoichovya kwenye pilipili ya unga na chumvi, anapaka tena, anakuangalia kama utalia. Kula umesimama, ukiangalia meli ya makontena inapita karibu kiasi kwamba unaweza kuwahesabu mabaharia. Baada ya Isha nikirudi Mji wa Kale, mzee wa kahawa keshakaa na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kahawa tungu yenye tangawizi. Unaamkia baraza zima kwanza, Asalaam aleikum, unaketi unapoonyeshwa. Mimi nilikuwa nasema "Ami, nipe kimoja," nanyamaza nasikiliza siasa na mpira, na hapo barazani nilipata maelekezo ya maana kuliko kitabu chochote cha watalii, nani anapika biriani ya Ijumaa, tuktuk ipi haitakudanganya, msikiti wa Mandhry uko kichochoro gani.

Usafiri sina mengi. Matatu zinaenda kila mahali, makanga anaita Posta, Ferry, Mtwapa, wewe uliza abiria mwenzako nauli kabla ya kutoa noti kubwa, mvua ikinyesha inapanda. Tuktuk za kushea ndizo rahisi zaidi, ukikodi peke yako patana kwanza.

Ferry ya Likoni lakini, ile ya kuvuka kutoka kisiwani kwenda pwani ya kusini, siiruki, kwa sababu kwa anayetembea kwa miguu ni bure, magari ndo yanalipa, na hakuna safari ya boti ya kulipia iliyonipa raha kama ile. Usiende asubuhi mapema wala saa kumi na moja jioni, hapo ni wafanyakazi, utabebwa na umati. Nenda saa nne hivi, simama pembeni upate upepo, simu weka mfukoni maana kupiga picha pale hawataki. Ng'ambo unachukua matatu ya Ukunda, ukishuka unadaka tuktuk mpaka ufuo wa Diani, na Diani napo ni hesabu ile ile ya mwezi, nilichagua siku ya maji mafu ili nipate kuoga nikishafika bila kuwahi kokote.

Kwa anayerudi Nairobi na SGR, yaani treni ya reli mpya, siku hiyo hiyo akitokea Diani na gari, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unazunguka nayo unatokea upande wa Miritini kwenye stesheni bila kugusa ferry wala foleni ya mjini. Matatu za njia hiyo ulizia pale pale Ukunda, na fika stesheni na muda wa kutosha kwa sababu mizigo inakaguliwa, mpaka na mbwa, na treni haingoji mtu.