Kilometa Kumi, Kaole na Kurudi

Bagamoyo iko kama kilometa 70 tu kutoka Dar es Salaam, na kwa ukaribu huo wengi wetu tunaijua juu juu. Tunakwenda kwenye harusi au semina, tunakula samaki ufukweni, jioni tunageuza. Kikundi chetu cha joging pale Sinza kiliposikia kwamba wenyeji wanaandaa mbio za kilometa kumi, kutoka Mji Mkongwe hadi Magofu ya Kaole na kurudi, tulijiandikisha siku ileile. Wenzangu walitaka mazoezi na medali. Mimi nilichotaka ni ile njia. Mji ule ulikuzwa na watu waliofika kwa miguu, na sikuwahi kupita hata mtaa wake mmoja isipokuwa ndani ya gari.

Tulipanda kosta Makumbusho Jumamosi mchana. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, kisha minazi ikaanza kuwa mingi na hewa ikabadilika. Tulikuwa mchanganyiko: mwalimu wa historia wa sekondari, fundi umeme, vijana wawili wa bodaboda wenye mapafu ya ajabu, na muuguzi tunayemwita Dada Mkubwa kwa kuwa ametuzidi sote umri. Jioni tulinyoosha miguu Mtaa wa India, tukitazama milango ya nakshi na kuta za mawe ya matumbawe ambazo chokaa yake inamenyeka. Tukapita Boma la Wajerumani la mwaka 1897, tukakaa kidogo mbele ya Ngome Kongwe ambayo ilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu mnamo 1860. Wali wa nazi tuliula mapema, kwa kiasi, maana anayekula sana usiku wa kuamkia mbio atajuta kuanzia kilometa ya pili.

Ni mezani hapo ndipo Mwalimu alipotupa wazo lililobeba safari nzima. Tulikuwa tunabishana nani aweke mwendo, vijana wa bodaboda wakitaka tuachiane tu, kila mtu na nguvu zake.

"Misafara iliyokuwa ikiingia hapa Bagamoyo ilikuwa na kirangozi," akasema. "Yeye ndiye aliyetangulia na bendera, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma kabisa alikuwapo mnyampara wa kuhakikisha hakuna anayebaki njiani. Sasa, kirangozi wetu ni nani?"

Wote tukamgeukia Dada Mkubwa. Akacheka, akasema, "Haya, wanangu, ila atakayenipita nitamchoma sindano." Mimi nikapewa unyampara.

Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, uwanja wa kuanzia ulikuwa umejaa. Vikundi vya joging vilikuwa vimevaa fulana za rangi zao, kuna wanafunzi wa shule za msingi, kuna akina mama wa mjini hapo waliofunga kanga juu ya suruali za mazoezi. Mzee mmoja alikuwa akimbandikia mjukuu wake namba kifuani. Alizishika pini nne kwa meno, akabandika moja moja, kila mara akirudi nyuma hatua moja kuangalia kama namba imekaa sawa. Mtoto alisimama wima muda wote huo, mikono kaibana, hapumui.

Nililopenda ni kwamba waandaaji hawakupiga filimbi tu. Mwongozaji wa watalii wa hapo mjini alipewa kipaza sauti, akaeleza kwa dakika chache tunakimbia wapi. Alieleza kwamba katika karne ya 19 pembe za ndovu zilifika hapa kutoka bara, kutoka Tabora na hata Ujiji, zikiwa mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulifika kilo 30 na zaidi, na kutoka Tabora tu ni kilometa 800 hivi. Halafu akasema kwamba kwa njia ileile waliletwa pia watu waliokamatwa na kutiwa utumwani, waliokuja wamefungwa na kusubiri kuvushwa Zanzibar, na akaomba tunyamaze kidogo kwa ajili yao. Tulinyamaza. Watu zaidi ya mia wenye viatu vya mbio na simu mikononi, kimya. Naamini kila mbio inayofanyika mahali pa historia ingepaswa kuwa na dakika kama hizo. Bila maneno yale, Bagamoyo ingekuwa mandhari tu ya kupigia picha.

Kisha tukaachiwa.

Kilometa ya kwanza kila mtu ni bingwa. Vijana wetu wa bodaboda walishachungulia pembeni wapate upenyo, Dada Mkubwa akanyoosha mkono mmoja bila kugeuka, wakarudi mstarini. Tulitoka mjini tukielekea kusini, tukipita jirani na chuo cha sanaa, TaSUBa, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambako vijana kadhaa walikuwa wametoka na ngoma kutusindikiza. Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi inavuma, na kwa kuwa Kaole iko kusini upepo ulikuja usoni. Nilifurahi. Pwani joto peke yake si tatizo kubwa kama unyevu: jasho linabaki mwilini halikauki, mwili haupoi, na mkimbiaji aliyezoea Arusha au Iringa huja kushangaa mbona moyo unadunda hivi kwa mwendo mdogo. Upepo wa mbele unakupunguzia kasi, lakini unakupoza. Tuliporudi, upepo uko mgongoni, ilikuwa kana kwamba mtu amefunika sufuria.

Baada ya nyumba za mjini kupungua, njia ilikuwa ya minazi na mashamba madogo, mchanga pembeni, watoto wakitukimbilia pekupeku na kutushinda bila shida. Fundi umeme akaanzisha mchakamchaka. Anayekimbia na kikundi anajua hii kitu: mmoja anaita, wengine wanaitikia, na miguu inashuka pamoja bila mtu kuhesabu. Wageni waliokuwa mbele yetu wakapunguza mwendo ili waitikie nao. Kwenye kituo cha maji bibi mmoja alikuwa ametoka na ndoo yake mwenyewe na kata, pembeni ya meza ya waandaaji. "Shikamoo, bibi," tukamwamkia huku tunahema. "Marahaba, wajukuu zangu. Kunyweni kidogo, msijaze tumbo." Ushauri huo ndio Dada Mkubwa aliokuwa akitupa tangu Sinza.

Magofu ya Kaole yanaanzia mahali ambapo hutarajii kitu: vichaka, mbuyu mkubwa, kisha kuta za kijivu. Hapo ndipo pa kugeukia. Waandaaji walikuwa wameweka kigingi nje ya geti, si ndani, na walikuwa na haki. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zina karne kadhaa. Msikiti wa kale kuliko yote hapo unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Viatu vya watu mia na kitu kati ya makaburi vingeharibu kwa asubuhi moja kitu ambacho mvua imeshindwa kukimaliza kwa miaka mia saba. Wakimbiaji wengi waligusa kigingi na kugeuka. Sisi pia tuligeuka, lakini kirangozi akatangaza kwamba medali ikishapatikana tunarudi hapa kwa bajaji, na hakuna wa kubisha.

Safari ya kurudi sina mengi ya kusema isipokuwa kilometa ya nane. Mmoja wa wale vijana wa bodaboda, aliyekuwa na nguvu kuliko wote tulipoanza, alishikwa na mkazo wa misuli ya kigimbi. Ndiyo kazi ya mnyampara. Nikasimama naye, na kabla sijainama Dada Mkubwa alishageuka na kikundi chote, akamkalisha chini, akamnyoosha mguu, akausukuma unyayo kuelekea gotini polepole hadi msuli ukalegea. Tukatembea mita mia kadhaa, kisha tukaanza kukimbia tena. Tulivuka mstari wa mwisho tumeshikana mikono, muda wetu si wa kujivunia, na kijana yule ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Saa nne tulikuwa Kaole tena, safari hii ndani. Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwenye makaburi yenye nguzo. Hayo yapo sehemu nyingi za pwani ya Waswahili: kaburi limejengewa nguzo ya mawe upande mmoja. Nilichuchumaa kwenye nguzo moja bila kuigusa, nikaona mashimo ya mviringo ya kina kifupi. Humo, mwongozaji alitueleza, zilipachikwa bakuli za kauri kutoka mbali, na vipande vya kauri za Kichina vilivyopatikana hapo vimewekwa kwenye makumbusho ndogo ya magofu. Mji huu ulifanya biashara na bahari kabla Bagamoyo haijawa bandari. Ukisimama hapo leo unaona mikoko imeziba pwani yake. Tope lilipojaa, majahazi yakahama, na watu nao.

Mchana tulimalizia Misheni ya Roho Mtakatifu, upande wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 1868 na kujengewa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kuna mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone uliwekwa mwezi Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Aliyefariki ni Livingstone, lakini mimi niliwafikiria waliombeba: Susi na Chuma na wenzao, kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, zaidi ya kilometa 1,500, kwa miezi mingi, na baadhi yao wakafia njiani. Mapaja yangu yalikuwa yanauma kwa kilometa kumi, bila mzigo, na maji kila baada ya muda. Nimesoma habari zao tangu shuleni. Siku ile ndipo nilipozielewa kwa miguu.

Kwenye kosta ya kurudi, vijana wa bodaboda walitaka mwakani tutafute mbio za kilometa 21. Ubishi ulianzia Zinga ukafika Bunju bado haujaisha. Dada Mkubwa akausikiliza wote, kisha akasema yeye mwakani anarudi Bagamoyo, kumi zilezile, na anamleta mama yake atembee tano za mwisho. Vijana wakauliza kama watahitajika mbele au nyuma. Nyuma, akawaambia, kwa bibi, na mwavuli mje nao.