Mfupa hauumi mpaka uvunjike

Linaloniudhi kuhusu osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika, ni ukimya wake. Mfupa unapungua ujazo miaka nenda rudi, hauumi, hauvimbi, mpaka siku unavunjika. Duniani, mwanamke mmoja kati ya watatu waliovuka miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu hiyo, na mwanamume mmoja kati ya watano. Naam, wanaume nao wamo.

Shangazi yangu alijikwaa kwenye zulia akavunjika mkono, karibu na kiganja. Akafungwa plasta, akaambiwa ale vizuri, basi. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtu aanguke kutoka kimo chake mwenyewe tu na mfupa ukatike. Mimi nilishtushwa na gauni lake la zamani, sasa linaburuza chini: pingili za mgongo zilikuwa zimebonyea kimyakimya. Tulipompeleka kupimwa kwa DEXA, eksirei ya kupima ujazo wa mifupa, alama ikatoka -3.1. Ukifika -2.5 au chini ya hapo, tayari ni osteoporosisi. Kumbe prednisoloni, dawa ya steroidi aliyokunywa miaka mingi kwa ajili ya pumu hula mifupa, na hedhi ilikwisha koma, homoni ya estrojeni inayoilinda ikashuka.

Wazee wanaongezeka, na nyonga zinazovunjika zitaongezeka pia. Hapo ndipo ninapoogopa: takriban mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka, na wengi wanaobaki hawatembei tena kama zamani. Binti anayeacha kazi ili amuuguze mama haandikwi kwenye bajeti ya wizara yoyote.

Shangazi anatundikiwa dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuzuia mifupa isipungue, mara moja kwa mwaka. Analalamikia homa ya siku ya kwanza tu.