Nilivyojifunza kupiga rivasi Dingle

Sikwenda Ireland na hofu ya kuendesha. Wenzetu wale hushika kushoto kama sisi, vibao vyao ni vya kilomita, na kona za Lushoto nimezipanda na Noah iliyojaa abiria. Dada yangu ni muuguzi Limerick. Alipopata siku tatu za mapumziko mwezi wa saba, nikakodi gari, mama akakaa nyuma na thermosi yake ya chai, tukaelekea Dingle, mji wa pwani ya magharibi, kuiona Atlantiki.

(Kwa anayepanga safari: viza ya Schengen haikuingizi Ireland. Ina viza yake, na foleni yake.)

Gari la otomatiki lilikuwa ghali zaidi, nikachukua la gia za mkono. Hapo sikukosea. Nilikosea mahali pengine.

Barabara ya Slea Head inaizunguka ncha ya rasi ya Dingle, ikianzia na kuishia mjini. Mabasi ya watalii huizunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, na mwenye busara huyafuata nyuma. Sisi tulilala Baile an Fheirtéaraigh, upande wa pili, asubuhi tukarudi Dingle kwa njia ya pwani. Yaani tukawa tunayaendea uso kwa uso.

Dada alinionya. Nikamjibu, "Dada, mimi ni dereva wa Tanga."

Majina ya mahali huko yameandikwa Kiairishi peke yake, kwa kuwa huko bado kinasemwa. Nikaona kibao, GO MALL. Nikauliza kama kuna maduka mbele. Dada akacheka hadi akakohoa: maana yake ni "punguza mwendo". Sijamaliza kuona haya, basi likatokeza konani.

Kushoto kwangu ukuta wa mawe, kulia basi, na nyuma ya basi bahari. Haipiti hata pikipiki. Dereva wa basi hakupiga honi wala kutoa kichwa dirishani. Alizima injini, akangoja. Ningependa angenitukana, ningejua pa kuanzia. Mama akaanza "Yaa Latifu", nami nikatia rivasi.

Kosa langu lilikuwa kutazama basi. Kila nikilitazama, mkia wa gari unaukimbilia ukuta. Dada akashuka, akasimama nyuma ninapomwona kwenye kioo cha pembeni, akasema, "Mdogo wangu, niangalie mimi tu, usukani mikono miwili, taratibu." Tukarudi hivyo, kidogo kidogo, mpaka penye upenyo wa geti la shamba. Kondoo wawili wenye alama ya rangi nyekundu mgongoni wakatusogelea kutazama. Basi likapita, dereva akainua kidole kimoja juu ya usukani. Kimoja tu, cha shahada. Nikadhani ananisuta.

Kumbe ndiyo salamu yao. Nikageuza gari palepale, tukaizunguka rasi tukilifuata basi lile lile. Kuanzia hapo kila upenyo niliopita niliuweka akilini: geti, kona pana, mdomo wa njia ya shamba. Likija gari, najua wa karibu uko wapi, na nani amrudie nani.

Jioni tulikaa juu ya gati la Dún Chaoin kusubiri magharibi, iliyoingia karibu na saa nne usiku. Mama alikataa kuamini saa yake. Mbele yetu Blasket Kubwa, kisiwa ambacho watu wake wa mwisho walihamishwa mwaka 1953, na kaskazini yake kisiwa kingine chenye umbo la mtu aliyelala chali. Wenyeji wanakiita Maiti. Mama akakisomea Fatiha.

Kurudi, trekta likatokea mbele. Nilikuwa nimeshaingia kwenye upenyo kabla halijatufikia. Mzee aliyeliendesha akainua kidole, nikainua changu. Kwenye kioo nikamwona mama huko nyuma naye kainua chake.